Mlinzi Akipiga Yowe, Usimpige Yeye

Ndugu msikilizaji, msimu mmoja wa kahawa nilifika Isingiro. Sisemi Isingiro ya Uganda. Nasema kata iliyoko Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Nilikuta wakulima wamekalia magunia ya kahawa ya maganda mbele ya mashine ya kukoboa iliyogoma siku ya tatu. Mwenye mashine alikwisha ambiwa na fundi kuwa inveta imekufa, anunue nyingine. Fedha hakuwa nazo. Alikuwa anafikiria kuuza ng'ombe.

Inveta ni nini? Ni sanduku linaloongoza kasi ya mota. Hupokea umeme wa njia tatu wa volti 400 na hezi 50, huugeuza uwe kama umeme wa betri, kisha huutengeneza upya kwa hezi zinazotakiwa. Hezi zikipungua, mota huenda polepole; zikiongezeka, hukimbia. Sanduku hilo pia ni mlinzi. Likiona hatari hujizima na kuonyesha alama ya kosa kwenye kioo chake. Lakini wengi wetu humpiga mlinzi aliyepiga yowe, tukamwacha mwizi.

Kwanza kabisa, uhai. Ndani ya inveta mna kapasita zinazohifadhi umeme wa volti zipatazo 560. Ukizima swichi kuu, umeme huo hautoki papo hapo. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa. Taa kuzimika si ushahidi. Na kazi hii ni ya fundi aliyesomea.

Sasa tuulize: kosa linatokea lini? Likitokea wakati wa kusimamisha, na alama ikasema volti zimezidi, huenda mota imeamriwa isimame haraka mno. Mzigo unaozunguka husukuma umeme kurudi kwenye inveta. Ongeza muda wa kusimama. Alama ikisema joto, tazama feni na nafasi za kupitisha hewa. Vumbi la kahawa huziba.

Alama ikisema mkondo umezidi, zima, subiri, pima, kisha fungua nyaya za mota na ujaribu inveta peke yake. Ikitoa kosa lile lile, ugonjwa umo ndani yake. Ikitulia, tafuta nje: panya ametafuna waya, maji yameingia kwenye mota, au beringi imekwama. Ukitaka kupima nyaya na mota kwa mega, hakikisha umezitenga na inveta. Mega hutoa volti 500 au zaidi, nazo zaweza kuua inveta iliyokuwa nzima.

Turudi Isingiro. Pale alama ilisema volti zimepungua, tena kahawa ilipomiminwa tu. Fundi alikuwa amepima mashine ikiwa imepumzika, akaona njia zote tatu ni sawa. Tulipima tena, safari hii mashine ikiwa na mzigo. Njia moja ikaanguka. Tuliomba umeme ukatwe kabla ya swichi kuu, tukaifungua. Skrubu moja ilikuwa imelegea, na ncha ya waya imeungua ikawa nyeusi. Tulikata sehemu iliyoungua, tukafunga upya na kukaza. Jioni ile mashine ilikoboa, na ng'ombe akabaki zizini.

Simlaumu yule fundi kwa kutojua. Kila mtu alianza bila kujua. Namlaumu kwa kuhukumu kabla ya kupima penyewe.

Nawe unayenisikiliza mjini usidhani hadithi hii ni ya shamba. Inveta za namna hiyo zinaendesha lifti za maghorofa, pampu za maji na mashine za viwandani. Siku utakapoambiwa imekufa, muulize fundi wako maswali matatu. Alama ilisema nini? Umepima wapi? Mashine ilikuwa na mzigo au haikuwa nao? Akikosa majibu, usitoe fedha bado. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mara nyingine ufa wenyewe ni skrubu moja tu.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.