Distro mbili za Linux katika kompyuta moja

Kuweka distro mbili za Linux katika kompyuta moja ni mpangilio ambao diski hugawanywa ili ibebe mifumo miwili ya uendeshaji, na mtumiaji huchagua mmoja kila anapowasha mashine. Distro ni kerneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ikiwa pamoja na programu nyingine zinazoiwezesha kutumika. Mfano wa makala hii ni Debian na Fedora.

Kuwasha

Menyu ya kuchagua mfumo huletwa na programu iitwayo GRUB. Tangu toleo lake la 2.06 la mwaka 2021, GRUB ikiachwa ilivyo haitafuti mifumo mingine kwenye diski. Fedora isipoonekana katika menyu ya Debian, huongezwa mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false katika faili la /etc/default/grub, kisha hutolewa amri sudo update-grub.

Usimamizi

Kila distro ina orodha yake ya watumiaji na manenosiri. Jina na nenosiri vinaweza kufanana pande zote mbili, lakini hizo ni akaunti mbili. Msimamizi mkuu huitwa root. Watumiaji wengine huazima mamlaka yake kwa amri ya sudo, iliyoandikwa na Bob Coggeshall na Cliff Spencer huko Marekani mnamo 1980. Fedora huwaruhusu walio katika kundi la wheel, Debian walio katika kundi la sudo. Jambo linalowasumbua wengi ni hili: ukijaza nenosiri la root unaposakinisha Debian, akaunti yako haiingizwi katika kundi hilo, na sudo itakukatalia. Ingia kwa su -, andika adduser ukifuatisha jina lako na neno sudo, kisha toka na uingie upya.

Mpaka kati ya distro

Ruhusa za mafaili hufuata namba ya mtumiaji, si jina. Debian humpa mtumiaji wa kwanza namba 1000. Fedora pia, tangu toleo la 16 la mwaka 2011 (awali ilianza na 500). Basi kama Asha ni 1000 katika Debian na Juma ni 1000 katika Fedora, sehemu ya Debian ikishaunganishwa ndani ya Fedora, Juma husoma barua za Asha kana kwamba ni zake. Root wa upande mmoja hana hata haja ya namba: husoma kila kitu cha upande wa pili, na kwa amri ya chroot aweza kubadili manenosiri yake. (Yakibadilishwa ya Fedora kwa njia hiyo, SELinux huenda ikazuia kuingia hadi liundwe faili tupu /.autorelabel na mashine iwashwe upya.)

Kwa hiyo watu wawili wasioaminiana hawatenganishwi na distro mbili. Kinachoficha mafaili ni kusimba diski kwa LUKS, kila upande na nenosiri lake, jambo ambalo ni rahisi zaidi kufanywa wakati wa kusakinisha. Hata hapo, sehemu ya /boot kwa kawaida hubaki bila kusimbwa, na root wa upande wa pili anaweza kuichezea au kufuta diski nzima.