Kutokosea kwa Biblia

Kutokosea kwa Biblia ni imani ya baadhi ya Wakristo kwamba Maandiko Matakatifu, kama yalivyoandikwa mara ya kwanza, hayana kosa lolote. Ugumu ni kwamba maandishi hayo ya kwanza hayapo tena. Kilichobaki ni nakala za mkono, nazo zinatofautiana. Katika Codex Sinaiticus na Codex Vaticanus, zote za karne ya 4, Injili ya Marko inaishia 16:8. Aya 12 zinazofuata hazimo.

Tamko la Chicago la mwaka 1978 lilisema kutokosea kunahusu maandishi asilia tu, na kwamba nakala na tafsiri ni Neno la Mungu kadiri zinavyolingana nayo. Wapinzani huuliza: lina faida gani andiko lisilo na kosa ambalo hakuna awezaye kulisoma? Watetezi hujibu kwamba wingi wa nakala ndio unaowezesha kutambua nyongeza, na kwamba tofauti nyingi ni za tahajia tu.

Waadventista Wasabato, waliofika milima ya Upare (Tanzania) mwaka 1903, wana jibu jingine. Ellen G. White, mmoja wa waanzilishi wao, alikiri kwamba wasomi walibadili maneno mahali fulani, lakini akaifananisha Biblia nzima na mnyororo ambao sehemu moja hufafanua nyingine. Pia alifundisha kwamba Mungu aliwavuvia waandishi mawazo, si kila neno. Mmisionari wao Ernst Kotz, aliyechapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909, alitafsiri Agano Jipya kwa lugha hiyo ya Wapare, ambamo hakuna neno hata moja la Kigiriki linalobaki lilivyokuwa.