Lifti Basi? Yamenikuta!

Jamani, usimwone mtu kashika usukani ukadhani kaula! Huu mkweche wangu unakula hela kama mchwa: leo plagi, kesho betri. Wauza spea wa Gerezani wananijua kuliko shemeji zangu. Asubuhi nikitoka Magomeni, majirani wanne wameshajipakia, lifti ya Posta. Wa kuchangia mafuta? Hakuna! Nikaapa: lifti basi.

Juzi usiku wa manane mke wangu akashikwa na uchungu. Nawasha gari, kimya. Waliotoka na bukta na kanga kuusukuma mkweche ni wale wale wadoezi wa lifti. Ukawaka. Mama mzima, mtoto mzima.

Kuanzia Jumatatu milango iko wazi. Mafuta bado najaza peke yangu!