Udugu wa chuoni Marekani: Kabla ya kulipa, uliza daftari

MAMA yangu aliuza omena na mahindi mpakani Busia kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda mrefu alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wawili. Ndiyo maana nilipompigia simu kutoka Marekani, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, kumwomba dola 300 za kujiunga na chama cha udugu, hakushangaa. Aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, hicho chama kina daftari? Mtu akifiwa, mnamfanyia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kila mtu anajiunga. Akatuma pesa, faida yake ya miezi kadhaa.

Ndugu msomaji, nakumbuka hayo kila mara mzazi anaponiuliza kama mwanawe aliye ng'ambo aingie katika vyama hivyo. Vya wavulana huitwa fraterniti na vya wasichana sororiti, na majina yao ni herufi za Kigiriki. Desturi ya herufi hizo ilianza mwaka 1776 na Phi Beta Kappa, katika Chuo cha William and Mary, Virginia. Wanafunzi weusi, waliokuwa wakibaguliwa, walianzisha vyao baadaye: Alpha Phi Alpha katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906, na Alpha Kappa Alpha ya wasichana katika Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908.

Kusema kwamba vyama hivi havina faida ni uongo. Martin Luther King alikuwa Alpha Phi Alpha. Kwame Nkrumah, aliyesoma Marekani kabla ya kuiongoza Ghana, alikuwa Phi Beta Sigma. Kamala Harris, makamu wa rais kuanzia 2021 hadi 2025, ni Alpha Kappa Alpha. Isitoshe, uanachama haukomi siku ya kuhitimu. Vyama vya weusi vina matawi ya watu wazima, na kijana anayetafuta kazi katika mji mgeni hupata mlango wa kubisha.

Lakini kuna upande wa pili, nao niliuona kwa macho yangu. Wiki ya sita tuliitwa usiku, sisi wapya, katika chumba cha chini ya nyumba. Tukaamriwa kumaliza chupa za pombe kali. Nilikuwa na miaka 19, na sheria ya huko inataka mnywaji awe na miaka 21. Mwenzetu mmoja akaanguka, akawa hajibu akiitwa. Wakubwa wakasema alale, itamtoka. Nilitoka nje nikapiga simu ya dharura. Kijana yule alipona. Mimi niliitwa msaliti, nikafukuzwa, na dola 300 hazikurudi.

Wengine hawakubahatika. Februari 2017, mwanafunzi wa miaka 19 wa Penn State alifariki baada ya usiku kama huo. Alikuwa amelewa na kuanguka kwenye ngazi, na wenzake walikaa karibu saa 12 kabla ya kuita msaada. Desemba 2024 Marekani ilipitisha sheria inayovilazimisha vyuo kutangaza visa vya kuwatesa wanafunzi wapya. Mzazi ana haki ya kuisoma taarifa hiyo kabla ya kutuma hata senti.

Kwa mtoto wetu mwenye viza ya mwanafunzi, hatari ni mara mbili. Chuo kikimfukuza kwa utovu wa nidhamu, anaweza kupoteza haki ya kukaa nchini humo. Na ada za chama hulipwa kila muhula, ilhali wakati wa masomo haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki.

Hata hivyo, dada mmoja kutoka Uganda niliyesoma naye alijiunga na sororiti, na hajajuta. Baba yake alipofariki, wanachama walichanga nauli ya kumfikisha Entebbe, wakaenda kwa walimu kumwombea asogezewe mitihani. Hilo ndilo jibu la swali la mama.

Kwa hiyo ushauri wangu ni maswali matatu. Ada zote za mwaka ni kiasi gani, na zinatumika wapi? Mwanachama wa mwisho aliyepatwa na shida alisaidiwa vipi? Na mtu mpya anatakiwa kufanya nini usiku wa kuingia? Wakikwambia la tatu ni siri, ondoka. Chama cha kweli hakikudhalilishi kwanza ndipo kikuite ndugu.

Nilipompigia mama kumweleza kwamba pesa zake zimepotea, alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Dola mia tatu zimekufa, mwanangu hajafa, na mtoto wa mwenzangu hajafa. Nimeandika. Sasa nenda ukasome."