Kalvati ya Geti Imededi na Mathee Anataka Utume Doo? Soma Hii Kabla Fundi Aanze Kuchimba

Mathee amekupigia Jumamosi asubuhi na hata salamu hazijaisha. Nduthi ya maziwa imedinda kuingia. Kalvati ya geti imezama upande mmoja, na lori lililokuja kubeba mahindi juzi limeacha shimo unaweza kuficha mbuzi. Fundi yuko tayari kuanza Jumatatu. Kinachobaki ni wewe utume chapaa.

Kama ocha yenu ni Kiminini, Kimilili ama ndani ndani huko Bungoma ambako shamba linaishia kwa kinamasi, hii stori unaijua. Na najua mkono tayari uko kwa M-Pesa. Tulia kidogo.

Mara nyingi si zege iliyokufa. Maji yamekosa nafasi ndani ya bomba, yakatafuta njia kando yake, yakakula udongo polepole mpaka siku lori zito likapita na pete zikaachana. Kwa hivyo ukirudisha bomba la saizi ile ile, umenunua shida ile ile. Hapa kuna hesabu ndogo ambayo wasee wengi hukosa: bomba la milimita 600 si mara mbili ya lile la milimita 300. Mdomo wake ni mkubwa mara nne.

Sasa twende kwa kitu fundi hatakuambia. Kalvati ya geti yenu pengine haiko kwa ardhi yenu. Iko kwa mtaro, na mtaro uko kwa hifadhi ya barabara, nje kabisa ya hati ya shamba. Sheria ya Barabara ya 2007 inataka upate ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye barabara kabla hujajenga chochote hapo. Mwenye barabara ni nani? Kitale kwenda Webuye ni ya KeNHA, sawa na ile ya Webuye kupitia Bungoma hadi Malaba. Barabara za mjini ziko na KURA, za mashambani KeRRA, na nyingine ni za kaunti. Kwa ile ya murram inayopita kwenu, uliza ofisi ya KeRRA ama idara ya barabara ya kaunti, na wakikutupia mpira waambie waandike hivyo kwa karatasi. Chifu anaweza kukuelekeza vizuri sana, lakini barua ya chifu si ruhusa ya kuchimba barabara.

Hiyo ni nusu. Kama maji ya hiyo kalvati yanatoka ama yanaingia kwa kinamasi, kuna NEMA pia. Kifungu cha 42 cha sheria ya mazingira ya 1999, ile watu huita EMCA, kinakataza kujenga, kujenga upya, kubadilisha ama hata kuondoa kitu chochote ndani ya mto, ziwa ama ardhi oevu bila idhini ya maandishi. Cheki hapo: kujenga upya. Ile hoja ya "lakini ilikuwa hapo tangu enzi za guka" haikusaidii. Mwaka wa 2009 zikaja kanuni maalum za ardhi oevu na kingo za mito. Na Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali kwa yeyote anayekausha kinamasi, hicho kikitoka kwa WRA, mamlaka ya rasilimali za maji.

Najua unafikiria NEMA ni ya majengo makubwa ya Nairobi, kama zile tingatinga za Agosti 2018 zilizoangusha Ukay Centre na South End Mall. Geti ya mathee si mall, na hakuna mtu atakuja na tingatinga. Shida halisi ni jirani. Ukiweka bomba juu kuliko sakafu ya mtaro, maji yanarudi nyuma na kulala kwa jikoni ya mtu wa upande wa juu. Ukiliweka chini sana, unatoboa kinamasi kama mtungi, na chemchemi ambayo watu huchota Januari inakauka. Hapo kesi inaanza kwa mzee wa mtaa na kuishia kortini, na mwenye hana karatasi ndiye ataumia.

Na vinamasi vya huku si vichaka tu. Saiwa, karibu na Kitale, ilifanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1974 kwa sababu ya sitatunga, swala anayetembea kwa matope kama amezaliwa na buti. Mbuga yenyewe haifiki kilomita 3 za mraba, kwa hivyo maji yake yote yanategemea kile watu wa juu wanafanya na mashamba yao.

Sasa fomu. Usiende ofisini na mdomo mtupu. Beba nakala ya hati na namba ya shamba, na kama hati iko kwa jina la mzae, beba barua yake. Piga picha za kalvati pande zote mbili, na moja zaidi wakati mvua inanyesha, hiyo ndiyo inaongea kuliko barua. Weka pini ya ramani. Chora mchoro, hata kwa karatasi ya daftari: barabara, mtaro, geti, kinamasi kiko hatua ngapi. Andika saizi ya bomba la zamani na la mpya, na uandike wazi kwamba sakafu ya bomba jipya itabaki sawa na ya mtaro. Sema pia udongo utakaochimbwa utaupeleka wapi, kwa sababu ukiumwaga kwa kinamasi umeharibu kila kitu ulichoomba.

Peleka nakala moja kwa mwenye barabara na nyingine kwa afisa wa NEMA wa kaunti, aliyeko Kitale ama Bungoma mjini. Yeye ndiye atasema kama kazi yako inahitaji ripoti ya mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Uliza hilo kabla hujalipa mtu yeyote anayejiita mtaalamu. Kama itahitajika, hiyo ni pesa, na manze inauma kuilipia bomba la geti. Iweke kwa bajeti mapema, usiigundue katikati.

Halafu kuna mvua. Kitale haina mapumziko kama Nairobi. Mvua ikianza Machi ama Aprili inaweza kuwafuata mpaka Oktoba, na dirisha la kuchimba mtaro mkavu ni kati ya Desemba na Februari. Kwa hivyo barua inafaa kuondoka Septemba, wakati mahindi bado yako shambani.

Kwa sasa mwambie mathee malori yasimame barabarani na magunia yabebwe kwa mkokoteni, takataka zitolewe kwa mdomo wa bomba kwa mkono, na nduthi ipite upande ambao haujazama. Fundi wa Jumatatu mpe kazi ya kupima mtaro. Na ukipeleka hizo barua, hakikisha nakala yako imepigwa muhuri na tarehe ya siku waliyoipokea.