Nairobi hadi New York: Kwa Nini Kwenda Si Sawa na Kurudi

Kati ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na ule wa John F. Kennedy, New York, kuna takribani kilomita 11,800. Umbali huo haubadiliki, uwe unakwenda au unarudi. Hata hivyo, Kenya Airways ilipozindua safari za moja kwa moja kati ya miji hiyo Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787, ilitangaza saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Saa hiyo moja inatosha kuonyesha kwamba kilomita za ardhini ni kipimo pungufu cha safari ya angani. Ndege husafiri ndani ya hewa, na hewa nayo ina safari zake.

Hata kilomita zenyewe hupotosha zikipimwa kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Mstari ulionyooka kwenye ramani ya Mercator hupita Mali na Mauritania, nao una urefu wa karibu kilomita 12,200. Kwa kuwa dunia ni mviringo, njia fupi hupinda kaskazini na kupita Niger, Algeria na Moroko. Nusu ya safari huangukia karibu na Marrakech. Kutoka hapo ndege huelekea magharibi juu ya Atlantiki, kwenye latitudo ambako mara nyingi, kilomita 9 hadi 12 juu, huvuma mkondo wa pepo kali utokao magharibi. Anayekwenda New York hukutana na upepo wa omo. Anayerudi husukumwa mgongoni. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa muda usiotimia saa 5, ilhali safari hiyo huchukua zaidi ya saa 6.

Wapo wanaodai kwamba sababu ni dunia kuzunguka chini ya ndege. Wangekuwa sahihi, basi anayeelekea magharibi ndiye angewahi, maana Nairobi, iliyo karibu na ikweta, huzunguka kuelekea mashariki kwa kasi inayokaribia kilomita 1,670 kwa saa. Ukweli ni kwamba hewa huzunguka pamoja na dunia. Isingekuwa hivyo, kimbunga cha kasi hiyo kingekuwa kinapiga jiji usiku na mchana. Mzunguko huo una mchango, lakini kwa njia nyingine: tofauti ya joto kati ya tropiki na ncha za dunia huzaa upepo, nao mzunguko huupinda uelekee mashariki.

Wengine husema kinachopotea kwenda hurudishwa wakati wa kurudi. Hesabu inakataa. Ndege ya kilomita 900 kwa saa ikikabiliwa na upepo wa wastani wa kilomita 60 hubaki na 840, na ikirudi hupata 960. Kwa kilomita 11,800, safari zote mbili zitazidi zile zisizo na upepo kwa takribani dakika 7, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga kuliko ndani ya ule unaoisaidia.

Kwa hiyo, msafiri, unapopanga ndege ya kuunganisha, usigawanye kilomita kwa kasi. Angalia saa za kila upande, kisha zingatia tofauti ya majira, ambayo kati ya Nairobi na New York ni saa 7 au 8 kutegemea msimu.