Fereti hali minofu mitupu: jinsi ya kuwahamisha wadogo toka chakula kikavu kwenda nyama mbichi

Kila nikipiga simu nyumbani nikataja fereti wangu, swali la kwanza ni lile lile: huyo ni mnyama gani? La pili: anakula nini? La kwanza ni rahisi. La pili lilinitoa jasho na nusura linipotezee mmoja wao. Leo naandikia hilo la pili.

Fereti ni mnyama mdogo, mrefu na mwembamba, wa ukoo mmoja na nyegere, kicheche na fisi maji. Dume ana kilo 1 hadi 2, jike mara nyingi hafikishi kilo 1. Hapa Uingereza watu wamewafuga karne nyingi ili waingie mashimoni kufukuza sungura. Siku hizi wengi wanakaa ndani ya nyumba kama paka. Mie niko Leeds, ninao wawili, dume Pilipili na jike Kashata. Niliwachukua wakiwa na wiki tisa, wakila chakula kikavu cha mfuko, zile punje ngumu.

KWA NINI WATU WANAHAMA

Mbwa wa Bongo anaishi kwa ugali na dagaa na anabweka vizuri tu. Fereti hawezi. Utumbo wake ni mfupi, na hana ile sehemu ambayo wanyama wengine huitumia kuchachushia nafaka na majani. Chakula kinaingia na kutoka kwa saa 3 au 4 hivi. Kwa hiyo anaishi kwa protini na mafuta ya wanyama. Punje za mfuko lazima ziwe na wanga, maana wanga ndo unaozishikilia zisimeguke. Zipo nzuri zenye nyama nyingi, na fereti kibao wanazeeka nazo bila tabu. Wapo wanaosema wanga ndo unaoleta ule uvimbe wa kongosho unaowasumbua fereti wakubwa. Hilo halijathibitishwa, kwa hiyo usihame kwa hofu hiyo peke yake.

Ukiamua kuhama, hama mapema. Fereti anajifunza kipi ni chakula kwa harufu, katika miezi yake ya mwanzo. Akishakuwa mkubwa na punje zake, unaweza kumwekea kuku mbele yake akamnusa na kupita, kama vile umemwekea kiatu.

KOSA LANGU

Mie nilifikiri kazi ni nyepesi. Nikanunua minofu ya kuku na nyama ya kusaga, nikawapa. Waliivamia balaa! Nikajiona bingwa, mfuko wa punje nikautupa.

Wiki ya tano Kashata akaacha kuruka. Anatembea kidogo, analala. Halafu akaanza kuburuta mguu wa nyuma. Daktari wa mifugo akapiga eksirei: mifupa imefifia, karibu isionekane. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Mifupa unawapa?" Nikajibu sitaki wakabwe.

Kumbe nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, tofauti inazidi mara 10. Moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila kalsiamu kwenye damu. Isipopatikana kwenye chakula, mwili unaichukua kwenye mifupa. Mtoto anayekua ndo anaumia haraka: unajenga ukuta wa mbele kwa matofali uliyong'oa ukuta wa nyuma.

Watu wanapenda kusema "porini wanakula nyama". Hapana jamani. Porini wanakula mnyama: nyama, mifupa, moyo, ini, figo, vyote. Ukiacha kimoja, ujue umetoa nini na utakirudisha vipi.

Kashata alirudishwa kwenye punje, akapewa dawa, akafungiwa kijumba kidogo asiruke. Ilichukua miezi miwili kupona, na mguu mmoja umepinda kidogo mpaka leo. Nikimwona anatembea najua nani alisababisha.

NILIVYOFANYA MARA YA PILI

1. Daktari kwanza, na mizani ya jikoni. Nilipima kila siku. Fereti mdogo anatakiwa aongezeke. Akipungua, rudi hatua moja nyuma.

2. Usimshindishe njaa. Ule msemo wa "akisikia njaa atakula tu" haufai hapa. Sukari ya fereti mdogo inaweza kushuka vibaya asipokula kwa saa chache. Punje za zamani ziwepo mpaka aizoee nyama.

3. Wiki ya kwanza: loweka punje kwa maji ya uvuguvugu, changanya na kijiko kidogo cha nyama iliyosagwa pamoja na mifupa yake. Mpake kidogo mdomoni ailambe. Baada ya nusu saa ondoa mabaki.

4. Wiki ya pili na ya tatu: ongeza nyama, punguza punje. Badilisha aina: kuku, sungura, bata mzinga, ajue harufu nyingi.

5. Wiki ya nne na kuendelea: vipande, halafu bawa la kuku na mfupa wake. Mfupa uwe mbichi siku zote. Uliopikwa unapasuka vipande vikali vinavyochana utumbo.

Wafugaji wengi wanakadiria hivi: katika kila gramu 100, nyama 80 pamoja na moyo, mifupa inayolika 10, ini 5, na 5 za kiungo kingine kama figo au bandama. Moyo usikose, una taurini nyingi. Mwaka 1987 watafiti walionyesha kuwa paka wakiikosa taurini misuli ya moyo inadhoofika. Ini nalo lisizidi, vitamini A ikijazana ni sumu. Ukiona hesabu zinakuchanganya, nunua ile iliyosagwa na kukamilishwa kiwandani.

Angalia na kinyesi. Cheupe kinachomeguka, mifupa imezidi. Cheusi kama lami ni damu ya tumboni, kimbia kwa daktari.

HATARI NAYO IPO

Nyama mbichi inabeba salmonela, na friza haiui, inasimamisha tu. Nawa mikono, kibao cha kukatia kiwe chake. Kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mjamzito, fikiria mara mbili. Chama cha madaktari wa wanyama Marekani kinapinga kuwapa wanyama wa nyumbani nyama mbichi tangu 2012.

Halafu kuna mafua. Fereti anashika mafua ya binadamu. Ndiye aliyetumiwa London mwaka 1933 watafiti walipokibaini kirusi chake. Mafua ya ndege nayo anayapata. Desemba 2024 kule Oregon, Marekani, paka alikufa kwa H5N1 baada ya kula chakula kibichi kilichogandishwa. Kwa hiyo ndege mgonjwa au aliyeokotwa amekufa, usithubutu kumpa.

Je, nawashauri wote wahame? Hapana. Kama huna friza, mizani na akiba ya daktari, punje nzuri za fereti zinatosha kabisa. Nusu ya kazi ni mbaya kuliko kutoianza.

Na wewe wa Bongo mwenye mtoto wa paka usicheke, kanuni ya mifupa ni ile ile. Minofu ya kuku kila siku ni mapenzi yanayovunja miguu. Wale dagaa wazima mnaowadharau wana mifupa yao ndani.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye swali aulize, mwenye uzoefu atumegee.